Sikio si Mizani

Kwenye meza ya studio ndogo ya nyumbani, iwe Sapiwi, Dutwa au Bariadi mjini, huko Usukuma, kuna kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa daftari la shule. Maprodyuza wanakiita saundi kadi. Upande wa mbele kina tundu la waya wa maiki, tundu la hedifoni na vitufe vya kuzungusha vilivyokaribiana kiasi cha vidole vitatu. Kimoja ni geini, kinachoamua sauti ya maiki iingie kwenye kompyuta ikiwa na nguvu kiasi gani. Kingine ni cha kusikilizia: kinaamua aliyevaa hedifoni, au aliyekaa mbele ya spika, asikie kiasi gani. Mwimbaji aliyesimama nyuma ya pazia zito akisema "sijisikii," mkono wa prodyuza unakwenda kwenye kimoja kati ya vitufe hivyo. Kosa la kwenda kwenye geini linaonekana dogo, kwa sababu matokeo yake ya papo hapo ni mazuri: mwimbaji anajisikia, anatikisa kichwa, kazi inaendelea. Naamini kosa hilo limeharibu nyimbo nyingi zaidi kuliko ubovu wa maiki au mwangwi wa kuta zisizo na mazulia, na limedumu kwa sababu linatokana na imani ambayo watu wengi makini wanayo, kwamba kinachosikika ndicho kinachorekodiwa.

Tuanze na safari ya sauti yenyewe. Maiki inatoa umeme mdogo mno. Umeme huo unakuzwa na amplifaya iliyomo ndani ya saundi kadi, na hapo ndipo geini inapofanya kazi. Kisha unapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kiwango kilichokuja na CD mwaka 1982, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Namba hizo zina dari. Dari inaitwa sifuri, na kila kilicho chini yake kinahesabiwa kwa desibeli hasi. Wimbi linalotaka kupita dari linakatwa kichwa, na mahali palipokuwa na kilele panabaki bapa, kama kichuguu kilichopitiwa na jembe. Sikio linapata mkwaruzo, na watu wanasema sauti imepasuka. Zipo programu zinazojaribu kukitengeneza upya kilele kilichopotea, na baadhi zinafanya vizuri kwa mpasuko wa kugusa tu, lakini zinakisia. Kilichokatwa hakipo mahali popote. Kitufe cha kusikilizia kiko mbali na yote haya, mwisho wa safari, pale sauti inapotoka. Ukikifunga kabisa, faili haibadiliki hata kwa namba moja. Ukikifungua hadi spika zitetemeke, faili iliyokwisha kurekodiwa ni ileile.

Watu wa nchi hii ya pamba hawahitaji kufundishwa umuhimu wa tofauti hii, kwa kuwa historia yao imejaa mjadala kuhusu nani anasoma kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi ilikuwa inawapunja. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa akina Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation. Bei ilikuwa sehemu ya ugomvi, lakini swali lililokuwa chini ya bei lilikuwa hili: je, anayefaidika na uzito ndiye asome uzito? Wakulima walitaka mpimaji asiye na hisa. Leo ukienda kwenye chama cha msingi msimu wa pamba unapofunguliwa, jicho la mkulima bado liko kwenye mshale wa mizani. Ananuna akiona mtu anakadiria gunia kwa kulitazama, hata kama mkadiriaji ana uzoefu wa miaka thelathini, kwa sababu jicho linadanganywa na lumbesa, na kivuli, na haraka ya kufunga.

Sikio kwenye studio ni huyo mkadiriaji mwenye uzoefu. Lina maarifa makubwa, na hakuna kifaa kinachoweza kusema kama wimbo una uhai isipokuwa lenyewe. Lakini ni mhusika kwenye biashara. Linapenda kilicho na sauti kubwa: ukicheza kipande kilekile mara mbili na kukizidisha desibeli moja tu mara ya pili, wasikilizaji wengi watasema cha pili ni bora, bila kutambua kwamba tofauti ni ukubwa tu. Linachoka pia, na mchana baada ya saa nne za kazi linaona kidogo kile kilekile lilichokiona kingi asubuhi. Na mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba uwiano wenyewe wa besi, kati na juu unabadilika sikioni kufuatana na nguvu ya sauti. Sauti ikiwa ndogo, besi inapungua kuliko vingine. Ikiongezwa, besi inajaa. Prodyuza anayesikiliza kwa nguvu anasikia ngoma kubwa ya Kisukuma ikiwa na tumbo zito, anaridhika, na mkulima anayeusikiliza wimbo huo kwa simu yake, sauti ikiwa ya wastani, anapata ngoma iliyokonda. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisikia kweli kilichokuwepo kwa kiwango chake cha sauti. Mistari inayopanda na kushuka pembeni mwa programu ya kurekodi, yaani meta, ndiyo mpimaji asiye na hisa, na jambo la kwanza ambalo vitufe viwili vinatupa ni uwezo wa kumwachia mpimaji huyo kazi yake.

Ipo hoja nzito dhidi ya haya, na inatoka kwa watu wanaojua wanachosema: kama geini isipoinuliwa, sauti itaingia nyembamba, na mvumo wa vifaa utabaki ndani yake. Hoja hii ilikuwa sahihi kabisa zamani. Mkanda wa sumaku una mvumo wake wa asili, na fundi wa mkanda alisukuma sauti juu kadiri alivyothubutu ili aufunike. Kurekodi kwa biti 16 nako kulidai uangalifu wa namna hiyo. Biti kwa maana hii si ile ya kuchezea muziki; ni tarakimu za kompyuta zinazoandika kipimo, na kila moja inaongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na dari. Biti 16, zile za CD, zinatoa ngazi 65,536. Saundi kadi za leo, hata za bei ya chini, nyingi zinarekodi kwa biti 24, ambazo ni ngazi 16,777,216. Ukiacha vilele vya mwimbaji viishie desibeli 12 chini ya dari, umepoteza biti mbili, na unabaki na ngazi zaidi ya milioni nne, yaani mara 64 ya CD. Kwenye chumba chenye paa la bati, mashine ya kusaga ikiwa nyumba ya tatu na bodaboda zikipita, kelele inayobaki ndani ya rekodi inatoka chumbani, na geini inaipandisha sambamba na sauti ya mwimbaji. Dawa yake ni kusogea karibu na maiki na kuning'iniza blanketi. Desturi ya kusukuma geini hadi taa iwe karibu na nyekundu imerithiwa kutoka kwa vifaa ambavyo hatunavyo tena.

Hadi hapa ningeweza kueleweka kana kwamba nasema vitufe hivi viwili havihusiani, na kwamba prodyuza akiisha kujua nyaya zinavyopita, kazi imekwisha. Kwa upande wa nyaya ni kweli. Lakini kati ya hedifoni na maiki kuna mtu, na mtu huyo ndiye njia ambayo kitufe cha pili kinarudi kugusa rekodi.

Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, aliandika kuhusu jambo ambalo kila mama muuza samaki sokoni analifanya bila kufikiri: mtu akizungukwa na kelele, anapaza sauti, hata asipoambiwa. Kinyume chake nacho kilichunguzwa baadaye, hasa na wahandisi wa simu. Mtu akirudishiwa sauti yake mwenyewe sikioni ikiwa kubwa, anaishusha sauti yake. Akirudishiwa ndogo, anaipandisha. Koo linafuata sikio. Kwa hiyo mwimbaji aliyelalamika kwamba hajisikii, akaongezewa sauti yake hedifonini hadi ikafunika biti ya muziki, baada ya mistari miwili ataanza kuimba kwa upole, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Akipunguziwa sana, huku biti ikiongezwa, atapiga kelele, pumzi zitakatika mapema na noti za juu zitapaa kupita mahali pake. Faili haikuguswa na kitufe hicho, ila aliyeimba aliguswa, na kilichoingia kwenye maiki ni mwimbaji tofauti.

Kwa muziki wa Kisukuma jambo hili lina uzito wa pekee. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zama za waganga wakuu Ngika na Gumha, vimejenga sauti zao uwanjani. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanahama na kurudi kufuata kinachowavuta. Kikundi kilichojaza watu ndicho kimeshinda. Manju, ambaye Wasukuma wanamwita ningi, anaimba dhidi ya ngoma zake mwenyewe, dhidi ya ngoma za wapinzani na dhidi ya uwanja usio na kuta za kumrudishia sauti. Wanaoitikia wako mgongoni kwake, na ngoma kubwa anaisikia kwa kifua kabla ya sikio. Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na kilimo cha pamoja, nayo ililelewa shambani, ambako sauti ilipaswa kufika mwisho wa safu ya walimaji. Nguvu tunayoisikia kwenye sauti hizo haikuwa pambo la mtu mmoja mmoja. Ilizalishwa na mazingira, vizazi kwa vizazi, kwa sheria ileile aliyoiandika Lombard.

Sasa mchukue manju huyo, mweke peke yake kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mvalishe hedifoni, na umpe biti iliyotengenezwa kwa kinanda cha kompyuta ikicheza chinichini. Wapinzani hawapo, waitikiaji wataingiza sauti zao kesho, na ngoma imekuwa mlio wa mbali. Ataimba kwa adabu. Prodyuza ataona mistari ya meta imelala, atainua geini ili iamke, na ataishia na sauti ya adabu iliyokuzwa, pamoja na mlio wa bati na pumzi za puani. Sauti ya adabu haigeuki kuwa sauti ya uwanjani kwa kuongezwa desibeli, kwa sababu koo lililokazwa kidogo na kifua kilichofunguka vinatoa rangi ambayo koo lililolegea halina. Kilichotakiwa kuongezwa ni uwanja. Hedifoni ni uwanja wa kuazima. Kitufe cha kusikilizia, pamoja na uwiano wa biti na sauti yake mwenyewe ndani ya hedifoni, ndicho kinachomrudishia mwimbaji wapinzani wake, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kukizungusha kwa ujasiri, ukajaribu na kukosea, bila kuhatarisha kilichokwisha kurekodiwa.

Kutokana na hili unafuata utaratibu ambao naona wengi wanaugeuza. Desturi ni kuweka geini kwanza: mwimbaji anaambiwa aseme "moja mbili, moja mbili," meta inatazamwa, geini inawekwa, ndipo anapewa hedifoni. Lakini sauti ya "moja mbili" si sauti ya wimbo, na sauti ya wimbo bila hedifoni si sauti ya wimbo pamoja nayo. Ni kama kupima gunia kabla ya kulijaza. Inafaa hedifoni itangulie. Mwimbaji apate biti na sauti yake kwa kiasi kinachomfanya aimbe kwa nguvu unayoitaka wimbo, aimbe kipande kizito kuliko vyote, kile ambacho waitikiaji wanaingia na yeye anapanda juu yao, na hapo ndipo geini iwekwe, vilele vikibaki desibeli 6 hadi 12 chini ya dari. Kati ya mstari wa kwanza anaouanza peke yake taratibu na mahali pa kupanda, tofauti inaweza kupita desibeli 20, na geini iliyowekwa kwa kusikiliza mstari wa kwanza itapasua kilele cha wimbo, ambacho ndicho watu watakachokirudia.

Kuna kikwazo cha ufundi kinachowafanya wengi wakate tamaa na kitufe cha kusikilizia, nacho ni kuchelewa. Sauti ikiingia kwenye kompyuta, ikapita kwenye programu na kurudi hedifonini, inachukua muda. Kompyuta dhaifu inahitaji kukusanya vipimo vingi kwa pamoja ili isikwame. Ikikusanya 512 kwa mara moja, ni karibu milisekunde 12 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka, na mwimbaji anajisikia kama anafuatwa na kivuli. Anaomba sauti yake ipunguzwe, kisha analalamika kwamba hajisikii, na mkono unarudi kwenye geini. Saundi kadi nyingi ndogo zina kitufe kinachopeleka sauti ya maiki moja kwa moja hedifonini bila kupita kwenye kompyuta, na mara nyingi hakiguswi tangu siku kilipotoka dukani. Kikibonyezwa, na sauti ya maiki ikazimwa ndani ya programu ili isisikike mara mbili, kivuli kinaondoka.

Wafanyabiashara wa muziki wana pingamizi la namna nyingine, nami naliheshimu kwa sababu wao ndio wanaokutana na mteja. Wanasema: wimbo wa Kisukuma utaishi kwenye spika ya bodaboda, kwenye memori kadi iliyojazwa nyimbo kibandani siku ya gulio, kwenye harusi penye muziki mnene. Wimbo mwembamba ukifuatana na mnene, mteja anauruka. Nyimbo za waimbaji kama Bhudagala na Nelemi Mbasando zimefika mbali kwa njia hizo hizo, na hakuna msikilizaji aliyeuliza vilele vilikuwa wapi. Ni kweli wimbo unatakiwa ujae. Ila kujaa kunatengenezwa mwisho, wimbo ukiisha kuchanganywa, kwa vifaa vinavyobana vilele kwa makusudi na kuinua wastani, na vifaa hivyo vinafanya kazi vizuri zaidi vikipewa sauti nzima. Ukivipa sauti iliyokwisha kupasuka, vinainua mpasuko pia, kwa sababu havijui kwamba haukukusudiwa. Tena mtandao umeanza kuondoa faida ya kupiga kelele: YouTube inashusha yenyewe nyimbo zinazozidi kiwango cha karibu LUFS −14, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kama sikio linavyoupokea. Wimbo uliopondwa ili uwe mkubwa unashushwa ukakaa sawa na jirani yake, na kilichobaki kwake ni majeraha ya kupondwa.

Wengine wanawataja wazee. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na vifaa ambavyo leo tungeviweka makumbusho, na rekodi zake zinazohifadhiwa na taasisi aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini bado zina uhai unaoshangaza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima zikipiga kwa pamoja, bila nafasi ya kurekebisha ala moja baadaye, na nyimbo hizo zinapigwa hadi leo. Kama wao waliweza bila ujanja huu wote, mbona sisi tunasumbuana? Jibu langu ni kwamba utengano ninaoutetea ni wao waliokuwa nao, kwa ukali kuliko sisi. Fundi wa redio alifanya kazi mbele ya sindano. Kipimo cha sindano kilichotumika sana redioni, VU, kilikubaliwa Marekani mwaka 1939 baada ya mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC kushirikiana na maabara za Bell, na tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa hasa hili: mafundi wa vyumba tofauti, wenye spika tofauti, hawakuweza kukubaliana sauti ni kubwa kiasi gani kwa kusikiliza tu. Spika ya chumba cha fundi ilikuwa na kitufe chake, angeweza kuipunguza ili apokee simu, na sindano haikutikisika. Studio ya nyumbani ndiyo iliyovunja ukuta huo. Iliziweka kazi za fundi, mwimbaji, mpiga kinanda na msikilizaji kwenye kiti kimoja na meza moja, na vitufe vikasogeleana hadi vikaonekana ndugu.

Ni kweli pia kwamba si kila studio ina kisanduku chenye vitufe vilivyotengana vizuri. Wapo wanaorekodi kwa miksa ya zamani ya kanisani, na wapo wanaorekodi kwa simu. Kwenye miksa jambo hili linawezekana kabisa, kwa kuwa hedifoni ina kitufe chake na kila maiki ina geini yake juu ya safu. Simu ndiyo ngumu, kwani mara nyingi ina mkono wake usioonekana: inainua geini yenyewe mtu akinyamaza na kuishusha akipaza. Ndiyo maana kwenye video nyingi za ngoma zilizopigwa kwa simu, upepo na vicheko vinapanda kati ya mstari na mstari, halafu ngoma ikipigwa manju anazama. Programu kadhaa za kurekodi kwa simu zinaruhusu kuuzima mkono huo. Visipokuwepo vyote hivyo, bado mwimbaji anaweza kusikiliza biti kwa simu nyingine na sikio moja, na tayari kusikiliza kumeachana na kurekodi. Saundi kadi mpya zinazorekodi kwa mfumo wa biti 32 zenye nukta inayoelea nazo zimeleta madai kwamba geini imekufa. Kwenye mashine zilizojengwa kwa ajili hiyo tangu kwenye amplifaya, dai hilo lina ukweli mwingi. Kwenye kisanduku cha kawaida, kuchagua biti 32 kwenye programu hakusaidii, kwa kuwa sauti imekwisha kukatwa kichwa kabla ya kufika huko.

Bado sijamsemea prodyuza mwenyewe, ambaye anavaa hedifoni siku nzima na kurudi nayo usiku. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalitoa mwaka 2019 mwongozo wa vifaa vya kusikilizia, desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Anayetumia hedifoni yake kama meta, akiiongeza ili ajue kama sauti imeingia ya kutosha, analipa kwa usikivu wake taarifa ambayo mistari ya rangi kwenye skrini ingempa bure. Na usikivu ukianza kwenda, sauti za juu ndizo zinazotangulia mara nyingi, zile zinazobeba "s" na "t" za maneno na mlio wa chuma cha jembe likigongwa. Ataanza kuziongeza kwenye nyimbo za watu bila kujua anafidia sikio lake.

Kwa hiyo kwenye chumba cha Sapiwi, manju akiwa amesimama nyuma ya pazia na waitikiaji wakisubiri chini ya mti, mpangilio ninaoutamani ni mwepesi. Biti inapanda hedifonini mpaka atingishe mabega. Anaimba kipande kizito mara mbili, meta inatazamwa, geini inawekwa, na juu ya kitufe chake kinabandikwa kipande cha plasta nyeupe, ile ya dukani ya kufungia vidonda. Kitufe cha hedifoni kinaachwa wazi. Akisema hajisikii, kinazungushwa. Akisema ngoma iko mbali, kinazungushwa tena. Wakiingia waitikiaji na chumba kikabadilika, plasta inabanduliwa, kipimo kinachukuliwa upya na plasta inarudi, mpaka jua lizame na mtu atoke nje kuwaletea maji.